Safu za antena za bendi pana zinazoelekezwa kielektroniki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi, mafundi wa minara na wapenzi wa redio wa Kampala, Jinja, Mbarara na Gulu, ambao wamekuwa wakiyarudia kila mmoja kwa maneno yake. Ili hesabu zisitawanyike, majibu mengi yanatumia mfano mmoja: safu ya elementi 16 kwa 16, yaani 256, inayofanya kazi kuanzia gigahezi 6 hadi 18 na inayoweza kugeuza mwale hadi nyuzi 60 kutoka mbele moja kwa moja. Jibu likitegemea jambo lililokwisha kuelezwa, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Mwale unageukaje ilhali hakuna kitu kinachosogea?

Safu ni antena nyingi ndogo, ambazo hapa tunaziita elementi, zilizopangwa kwenye bapa moja na kulishwa kutoka chanzo kimoja. Elementi zote zikitoa wimbi kwa wakati mmoja, mawimbi hayo hujumlika upande wa mbele moja kwa moja. Elementi za kushoto zikitangulia kidogo na za kulia zikachelewa, kwa hatua zilizo sawa kutoka moja hadi nyingine, uso wa wimbi huinama na mwale huelekea kulia. Kazi yote ya kuelekeza ni kuamua nani atangulie na kwa muda gani.

Wazo hili ni la zamani: Ferdinand Braun alilionyesha mwaka 1905 kwa antena tatu. Kilichobadilika ni kwamba leo uamuzi huo hufanywa na saketi ndogo ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde, na hufanywa upya kila mara mwale unapohitajika kwingine.

2. "Bendi pana" maana yake ni nini hasa?

Kwa kawaida tunalinganisha masafa ya juu na ya chini. Mfano wetu wa gigahezi 6 hadi 18 una uwiano wa 3 kwa 1. Antena ya kiraka iliyochapwa kwenye bodi nyembamba hufanya kazi vizuri kwenye asilimia chache tu za masafa yake, kwa hiyo tofauti ni kubwa mno.

Kuna maana mbili ambazo watu huzichanganya, na mkanganyiko huo umeharibu miradi mingi. Ya kwanza ni bendi ambayo safu inaweza *kuhamia*: leo gigahezi 7, kesho gigahezi 15, lakini kila mara ishara yenyewe ni nyembamba. Ya pili ni bendi ambayo safu inabeba *kwa wakati mmoja*. Maana ya kwanza inategemea zaidi elementi na nafasi zake (maswali ya 4 na ya 9). Ya pili inaongeza juu ya hayo tatizo la muda (swali la 6). Kabla ya kuchora chochote, andika ni ipi unayoitaka.

3. Je, ninahitaji safu ya namna hii, au sahani ya kawaida inatosha?

Ikiwa unalenga setilaiti moja isiyohama angani, sahani inatosha, ni rahisi, na fundi yeyote anayefunga dishi za televisheni anaweza kuilenga. Sahani kubwa kama zile za kituo cha Mpoma, wilayani Mukono, zimefanya kazi hiyo kwa miongo mingi.

Safu inakuwa na haki yake pale lengo linaposogea, malengo yanapokuwa mengi, au antena yenyewe inapokuwa juu ya gari au boti. Setilaiti nyingi za Starlink huzunguka kwenye kimo cha kilomita 480 hadi 550 hivi, na za OneWeb kilomita 1,200 hivi. Kila moja huonekana kwa dakika chache kisha hutoweka, na mawasiliano hayana budi kurukia nyingine bila kukatika. Rada ya hali ya hewa inayotaka kuikagua mvua ya radi juu ya Ziwa Victoria kila baada ya sekunde chache ni mfano mwingine wa kazi ambayo sahani inayozungushwa kwa mota haiwezi vizuri.

## Vipimo

4. Nafasi kati ya elementi iwe kiasi gani?

Nafasi huamuliwa na masafa ya *juu* kabisa. Elementi zikiwa mbali mno, mawimbi hujumlika si kwenye pembe moja tu bali mbili, na unapata mwale pacha wenye nguvu kama ule mkuu, ukielekea usikokutaka. Ili pacha huyo asizaliwe, nafasi isizidi urefu wa wimbi uliogawanywa kwa moja jumlisha sini ya pembe kubwa ya kugeuza.

Kwenye gigahezi 18 urefu wa wimbi ni milimita 16.7. Sini ya nyuzi 60 ni 0.866, kwa hiyo kikomo ni milimita 8.9. Sisi tunachukua milimita 8.5 ili kubaki na akiba, kwa sababu mwale pacha huanza kuchungulia kabla ya kufika kwenye kikomo chenyewe. Bapa zima linakuwa na upande wa milimita 136, yaani dogo kuliko kitabu cha mazoezi cha shule.

Angalia sasa upande wa pili wa bendi. Kwenye gigahezi 6 urefu wa wimbi ni milimita 50, na zile milimita 8.5 ni asilimia 17 tu ya wimbi. Elementi zimesongamana kama abiria wa matatu ya jioni, na hakuna namna ya kuzitenganisha bila kuharibu gigahezi 18. Msongamano huo ndio chanzo cha karibu kila jambo gumu katika ukurasa huu.

5. Kwa nini geini inashuka sana kwenye masafa ya chini?

Kwa sababu geini, yaani kiasi ambacho antena hukusanya nguvu upande mmoja, hutokana na eneo la bapa likilinganishwa na mraba wa urefu wa wimbi, na eneo halibadiliki. Bapa letu linatoa desibeli 29 hivi (kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu) kwenye gigahezi 18, na chini kidogo ya 20 kwenye gigahezi 6. Tofauti ya desibeli 9.5 si kasoro, na hakuna elementi itakayoiondoa. Anayehitaji geini ya desibeli 29 kwenye gigahezi 6 atajenga bapa lenye upande mara tatu zaidi, na atalipa elementi mara tisa.

Ongeza pia hasara ya kugeuza mwale. Bapa likitazamwa kwa pembeni huonekana dogo, na kwa nyuzi 60 huonekana nusu, kwa hiyo desibeli 3 zimekwenda hata kama kila kitu kingine ni kikamilifu.

## Fezi na muda

6. Mwale wangu unahama kila ninapobadilisha masafa. Kosa liko wapi?

Huenda huna kosa, ila unatumia vibadili fezi, yaani saketi zinazosogeza wimbi kwa pembe fulani ya mzunguko wake (pembe hiyo ndiyo fezi), mahali panapohitaji ucheleweshaji wa muda. Kugeuza mwale ni suala la muda: wimbi kutoka ukingo mmoja linapaswa kusubiri nanosekunde kadhaa au sehemu yake. Kibadili fezi hutoa pembe ileile kwa masafa yote, na pembe ileile ni muda tofauti kwa kila masafa.

Tuseme umeweka fezi za kugeuza mwale nyuzi 60 kwenye gigahezi 10. Ishara ikiwa na sehemu yake kwenye gigahezi 11, sehemu hiyo itaelekea nyuzi 52. Sehemu iliyo kwenye gigahezi 9 itaelekea nyuzi 74. Mwale ukiwa umeelekea mbele moja kwa moja tatizo halionekani kabisa, na ndiyo maana wengi hulipata siku ya mwisho, baada ya vipimo vya mbele kuwa vizuri.

Je, kuhama kwa nyuzi 8 ni kubaya? Inategemea unene wa mwale. Safu ya elementi 16 kwa mstari, kwenye gigahezi 10, ina mwale wa nyuzi 11 hivi mbele na nyuzi 22 ukigeuzwa hadi 60, kwa hiyo nyuzi 8 zinavumilika. Safu ya elementi 64 kwa mstari ina mwale wa nyuzi 5 hadi 6 kwenye pembe hiyo, na kuhama kwa nyuzi 8 ni kukosa lengo kabisa. Wahandisi wana kanuni ya haraka ambayo ningependa kila mwanafunzi aikariri: kwa safu ya vibadili fezi inayogeuza hadi nyuzi 60, asilimia ya bendi unayoweza kubeba kwa wakati mmoja ni takriban sawa na unene wa mwale wa mbele kwa nyuzi. Mwale wa nyuzi 2, asilimia 2.

7. Basi kila elementi iwe na ucheleweshaji wake wa muda?

Ikiwezekana kwa gharama na nafasi, ndiyo, lakini mara nyingi haiwezekani. Kwenye mfano wetu, mwale ukigeuzwa nyuzi 60 kuelekea pembe ya bapa, elementi ya kona moja hutofautiana na ya kona ya pili kwa pikosekunde 520 hivi. Ukitaka hatua ndogo zinazolingana na nyuzi 5 au 6 za fezi kwenye gigahezi 18, kila hatua ni chini kidogo ya pikosekunde 1, na unahitaji biti 10. Kibadili fezi cha usahihi huohuo kinatosheka na biti 6, kwa sababu baada ya mzunguko mmoja kinaanza upya. Biti nne za ziada ni njia ndefu za saketi, na kila njia inakula nguvu.

Suluhisho la kawaida ni kuchanganya: kila elementi iwe na kibadili fezi, na kila kundi la elementi 4 kwa 4 liwe na ucheleweshaji wa muda mmoja. Ucheleweshaji unakuwa 16 badala ya 256. Masafa yakihama kwa asilimia 10 kutoka zile gigahezi 10 ulizowekea fezi (swali la 6), elementi ya ukingo wa kundi inakosea kwa takriban nyuzi 13 tu kwenye mwale wa nyuzi 60, nacho ni kiasi kinachovumilika. Bila ucheleweshaji huo, ukingo wa safu nzima ya 16 ungekosea kwa nyuzi 66. Bei yake ni kwamba makosa hayo madogo hujirudia sawasawa katika kila kundi, na makosa yanayojirudia hujenga miale ya pembeni, yaani miale midogo inayoelekea kusikotakiwa. Makundi yenye ukubwa usiolingana huitawanya.

8. Vipi kuhusu kubadili kila kitu kuwa kidijitali?

Kwenye dijiti ucheleweshaji ni hesabu tu, na miale kadhaa inaweza kuundwa kwa pamoja. Hata hivyo, kila elementi inahitaji kipokezi chake na kigeuzi chake cha dijiti, na kiasi cha data na umeme kwa elementi 256 ni mzigo mzito. Kwa mradi wa chuo, ningeanza na dijiti kwa elementi 8 kwenye masafa ya chini.

## Elementi na majirani zake

9. Nichague elementi ya aina gani?

Kwa uwiano wa 3 kwa 1 na kuendelea, familia mbili ndizo zinazotawala. Ya kwanza ni Vivaldi, mpasuo unaopanuka kama mdomo wa tarumbeta, ambao Peter Gibson aliueleza mwaka 1979 na kuupa jina la mtunzi wa muziki Antonio Vivaldi. Ndani ya safu, elementi hizi zinaweza kufikia uwiano wa 10 kwa 1. Kasoro zake ni mbili: ni ndefu, aghalabu mara moja hadi tatu ya urefu wa wimbi la juu, na mwale ukigeuzwa kwenye ulalo wa nyuzi 45 polarizesheni yake, yaani uelekeo wa uga wa umeme wa wimbi, huchafuka.

Familia ya pili ni dipoli (antena za mikono miwili zinazolishwa katikati) zilizobanana, ambazo ncha zake karibu zinagusana au zimeunganishwa na kapasita ndogo. Mzizi wa wazo ni karatasi ya mkondo aliyoieleza Harold Wheeler mwaka 1965: bapa lisilo na mwisho ambalo mkondo unatiririka juu yake bila kukatika, na ambalo kwa hiyo halina masafa linayoyapendelea. Ben Munk na wenzake waliligeuza kuwa antena halisi. Dipoli hizi ni fupi na polarizesheni yake ni safi, lakini kuzilisha kunahitaji baluni ya bendi pana (kiungo kati ya kebo na mikono miwili ya dipoli) ndani ya nafasi ya milimita chache, na hapo ndipo usiku mwingi hupotea.

Kwa anayeanza, jibu langu ni Vivaldi. Makosa yake ya utengenezaji yanasameheka zaidi.

10. Nilipima elementi moja ikawa nzuri. Kwa nini kwenye safu imeharibika?

Hili ndilo swali linalonifikia kuliko yote, na jibu lake ndilo kiini cha fani hii: kwenye bendi pana, elementi moja peke yake si kitu unachobuni. Unabuni uso mzima.

Elementi zikiwa zimesongamana kwa asilimia 17 ya wimbi (swali la 4), sehemu ya nguvu inayotoka kwa moja huingia kwa jirani. Ukisimama kwenye konekta ya elementi ya katikati, hauoni akisi yake tu, unaona pia yale yaliyovuja kutoka kwa majirani wote, kila moja na fezi yake. Ukigeuza mwale, fezi hizo hubadilika, kwa hiyo impidansi unayoiona, yaani ukinzani ambao wimbi linakutana nao, hubadilika pia. Vitabu vya zamani vilifundisha kupambana na mwingiliano huo. Kwenye bendi pana tunafanya kinyume, tunautumia. Dipoli fupi ikiwa peke yake hukataa gigahezi 6; ikishikana na jirani zake, mkondo unavuka kutoka moja hadi nyingine na bapa zima linatenda kama antena moja kubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa vitendo kuna njia mbili. Kwenye kompyuta, unachora elementi moja ndani ya kisanduku chenye kuta zinazojirudia, kana kwamba safu haina mwisho, na unaangalia impidansi kwa kila pembe. Kwenye meza, unajenga safu ndogo, unafunga kila konekta kwa kizuizi cha omu 50 isipokuwa mbili, na unapima uvujaji kutoka kila elementi hadi ile ya katikati, moja baada ya nyingine. Kisha unajumlisha vipimo vyote pamoja na fezi za pembe unayoitaka. Hesabu hiyo hukuonyesha akisi halisi ya mwale uliogeuzwa kabla hujanunua hata kibadili fezi kimoja. Ni kazi ya siku nzima ya kufungua na kufunga konekta, na ni siku ambayo haipotei bure.

11. Kuna pembe moja ambayo safu "hupofuka" kabisa. Ni nini hicho?

Kwenye pembe fulani, nguvu yote hugeuka kuwa wimbi linalotambaa juu ya uso wa bodi, na karibu yote hurudi kwenye konekta. Sababu mara nyingi ni kihami kinene au chenye kupunguza sana kasi ya wimbi, au nafasi iliyo karibu mno na kikomo cha swali la 4.

Kwa Vivaldi kuna sababu nyingine ambayo niliipata kwa mikono yangu. Tuliagiza bodi kutoka kwa mtengenezaji mmoja, nasi tukazikata moja moja na kuzisimamisha kando kwa kando. Upenyo kati ya bodi haukufika unene wa kucha, lakini safu ilikuwa na bonde kali katikati ya bendi. Tulipobandika utepe wa shaba kuunganisha kingo za bodi jirani, bonde likatoweka palepale. Mkondo ulikuwa ukitafuta njia ya kuvuka, na upenyo ule ulikuwa umegeuka mpasuo wenye masafa yake. Tangu siku hiyo ninaunganisha kingo kwanza, ndipo ninapima.

12. Kwa nini impidansi ni tofauti nikigeuza mwale kulia-kushoto na nikigeuza juu-chini?

Kwa sababu anga lenyewe hubadilika machoni pa bapa. Impidansi ya anga mbele moja kwa moja ni omu 377. Mwale ukigeuzwa nyuzi 60 kufuata upande ambao uga wa umeme wa antena umelala, bapa huona omu 188. Ukigeuzwa kufuata upande wa uga wa sumaku, huona omu 754. Ni tofauti ya mara nne, na saketi moja ya kulinganisha haiwezi kuridhisha zote mbili. Ukilinganisha kwa omu 377, kila upande utaakisi asilimia 11 ya nguvu kwenye nyuzi 60, na kwa kazi nyingi hiyo inakubalika. Tabaka la kihami chepesi likiwekwa mbele ya elementi hupunguza tofauti hiyo.

13. Bamba la chuma la nyuma likae umbali gani?

Swali hili ni la dipoli. Vivaldi halina shida nalo. Wimbi linalokwenda nyuma huakisiwa na bamba na kurudi mbele. Umbali ukifika nusu ya wimbi, lililorudi hufuta lililo mbele na antena inakuwa kama mikono yake imegusanishwa kwa waya. Kwenye gigahezi 18 nusu hiyo ni milimita 8.3, kwa hiyo bamba liwe karibu zaidi, kwa mfano milimita 5. Likikaribia mno, gigahezi 6 ndizo zinazoumia, kwa kuwa hapo milimita 5 ni sehemu ya kumi ya wimbi. Wanaotaka uwiano mkubwa kuliko huu huweka kati karatasi yenye ukinzani inayomeza sehemu ya akisi, na hukubali hasara ya geini.

## Kujenga na kupima nchini Uganda

14. Naweza kutumia bodi za kawaida za FR-4 (nyuzi za kioo na resini)?

Kwa gigahezi 1 hadi 3, kwa njia fupi, ndiyo. Kwa gigahezi 10 njia iliyochapwa kwenye FR-4 hupoteza takriban theluthi moja ya desibeli kwa kila sentimita, na mti wa kugawa nguvu kwa elementi 256 ni sentimita nyingi. Pia kiwango cha kihami cha FR-4 hutofautiana kutoka bodi hadi bodi, jambo linaloharibu ucheleweshaji. Bodi kama RT/duroid 5880 ni ghali lakini zimetengenezwa kwa kazi hii.

15. Sina vifaa vya kupimia gigahezi 18. Nifanyeje?

Kuza mfano. Sheria za mawimbi haya hazijali ukubwa: ukizidisha kila kipimo mara 6 na kuacha vihami vilevile, safu ya gigahezi 6 hadi 18 inakuwa safu ya gigahezi 1 hadi 3 yenye tabia ileile. Nafasi ya milimita 8.5 inakuwa milimita 51, na kifaa cha bei nafuu cha kupimia akisi na uvujaji kama NanoVNA kwenye toleo linalofika gigahezi 3 kinatosha kwa vipimo vya swali la 10.

Kwa ukubwa huo, Vivaldi inaweza kukatwa kwenye bati la alumini. Mafundi wa Katwe, jijini Kampala, watakukatia mapezi 16 yanayofanana kutoka kwenye kielelezo kimoja cha karatasi ngumu, mradi uwaeleze mapema kwamba sehemu nyembamba ya mpasuo, pale kebo inapovuka, haivumilii kosa la nusu milimita. Huko kwenye mdomo mpana kosa la milimita mbili halitaonekana. Nimeona mwanafunzi akikaa kwenye kigoda kando ya fundi akiwa na kalipa mkononi, akipima kila pezi kabla halijapoa kutokana na tupa, na safu yake ndiyo iliyofanya kazi mara ya kwanza.

16. Nitapima umbo la mwale wapi bila chumba maalumu?

Umbali wa kupimia ni mara mbili ya mraba wa kipimo kirefu cha bapa, ukigawanywa kwa urefu wa wimbi. Ulalo wa bapa letu ni milimita 192, kwa hiyo kwenye gigahezi 18 mita 4.4 zinatosha. Mfano uliokuzwa mara 6 unahitaji mita 27, na uwanja wa michezo asubuhi na mapema, antena zote mbili zikiwa juu ya nguzo za mbao, ni mahali pazuri.

17. Je, ninahitaji leseni?

Kwa chochote kinachorusha, ndiyo: matumizi ya masafa nchini Uganda yako chini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013. Zungumza nao mapema, na ufanye vipimo vya mwanzo kwa kebo na nguvu ndogo mno. Bendi ya gigahezi 6 hadi 18 imejaa viungo vya minara, setilaiti na rada, na safu ya bendi pana inaweza kuwaingilia wengi kwa mpigo mmoja.

18. Mvua na joto vinaathiri nini?

Kuishi karibu na ikweta kuna faida moja: setilaiti isiyohama iliyo karibu na longitudo yetu inakaa karibu utosini, na bapa lililolala linaiona bila kugeuza mwale sana. Lakini bapa lililolala hukusanya maji. Utando mwembamba wa maji juu ya kifuniko hula desibeli kadhaa kwenye bendi hizi, nao hubaki hata baada ya mvua kwisha. Liinamishe bapa nyuzi kumi hivi, urekebishe kwa mwale, na upake kifuniko nta isiyoshika maji.

Joto ni adui mkubwa zaidi. Kila elementi ikirusha wati 0.1 kwa ufanisi wa asilimia 20, wati 0.4 hubaki kuwa joto, na 256 kati yake ni wati 100 ndani ya bapa dogo kuliko kitabu cha mazoezi. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya jua kali la mchana juu ya eneo hilohilo. Mapezi ya kupozea na feni si nyongeza, yachorwe siku moja na antena.

## Mambo ya pembezoni

19. Elementi za kingo zinaonekana tofauti na za katikati. Nizirekebishe?

Hazina majirani upande mmoja, kwa hiyo hoja ya swali la 10 inavunjika kwao, hasa kwenye masafa ya chini. Kwenye safu ya 16 kwa 16, elementi 60 ziko kwenye mstari wa nje, karibu robo ya zote. Njia salama ni kuongeza mistari miwili ya elementi bubu kuzunguka safu, zikiwa zimefungwa kwa vizuizi vya omu 50.

20. Umeme ukikatika, je, kalibresheni inapotea?

Fezi zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu hubaki, lakini vikuza mawimbi vilivyopoa havina fezi ile viliyokuwa nayo vikiwa vya moto, na baadhi ya vyanzo vya masafa huamka na fezi tofauti kila vinapowashwa. Weka njia ndogo ya kupenyeza ishara ya majaribio kwenye kila elementi, na uache safu ijisahihishe yenyewe mara ikiwashwa na tena baada ya dakika 20 hivi.

21. Elementi chache zikifa, nizime safu nzima?

Hapana. Elementi 13 zikifa kati ya 256, zikiwa zimetawanyika, nguvu inayorushwa kwenye mwale mkuu hupungua kwa chini ya nusu desibeli, na miale ya pembeni hupanda kiasi. Mstari mzima wa 16 ukifa kwa sababu ya bodi moja ya umeme, hasara ya mwale mkuu ni karibu ileile, lakini miale ya pembeni huharibika zaidi kwenye mhimili mmoja.

Jambo la kuangalia ni *namna* elementi ilivyokufa. Kikuza mawimbi kilichoungua na kubaki kama waya uliogusana huakisi yote yanayoingia kutoka kwa majirani, na elementi nane zinazokizunguka hubadilika impidansi. Kilichokatwa na kufungwa kwa kizuizi cha omu 50 karibu hakisumbui mtu. Kwa hiyo, swichi ndogo inayoweza kumtenga mfu na kumpa kizuizi chake inastahili nafasi kwenye bodi tangu mchoro wa kwanza, hata kama inakula sehemu ya kumi ya desibeli kila siku.